Kabla Hujalipia Injini ya Pikapu

Hilux kuukuu si ya kutupwa. Kama bodi na chesisi bado ni nzima, kutoa injini ya 2L ya cc 2,446 na kuweka 5L ya cc 2,986 ni kazi ambayo fundi mzuri anaijua, maana injini hizo ni za ukoo mmoja. Sisi tunasema: fufua gari lako. Lakini pesa isitangulie injini.

Ukiwa Grogan, Nairobi, au popote unaponunua spea, kwanza soma nambari iliyogongwa kwenye injini na uilinganishe na karatasi za muuzaji. Nambari hiyo huandikwa kwenye logbook, kwa hivyo ukibadilisha injini, NTSA lazima ijue. Injini isiyo na karatasi huenda ni ya wizi, na mzigo utakuwa wako.

Ukiambiwa, "Boss, tuma deposit kwa namba yangu, mwingine anaitaka," tulia. Lipa kwa till ya duka, hakikisha jina ni la duka hilo, na usifute ujumbe. Ujumbe na risiti ndio ushahidi wako injini ikileta maneno. Haraka ya muuzaji isiwe haraka yako.