PAKA WA KISIWA CHA IRIOMOTE

Kusini kabisa ya nchi ya Japani, si mbali na Taiwan, kiko kisiwa kiitwacho Iriomote. Ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 300, nacho kimejaa milima, misitu na mikoko. Humo huishi paka wa mwitu asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Wenyeji walimjua tangu zamani, lakini wataalamu wa wanyama hawakupata habari zake ila mwaka 1965. Walipomwandika mwaka 1967 walidhani ni jamii mpya kabisa. Siku hizi huhesabiwa kuwa ndugu wa paka-chui wa Asia.

Kimo chake ni kama cha paka wa nyumbani. Rangi yake kahawia iliyokoza, mkia mnene, na masikio ya mviringo yana doa jeupe kwa nyuma. Lakini la ajabu zaidi ni chakula chake. Ndugu zake wa bara hula panya hasa. Kisiwa hiki hakikuwa na panya wa asili, basi yeye hula vyura, mijusi, nyoka, ndege, panzi, hata kamba wa mtoni. Maji hayaogopi, huogelea na kupiga mbizi.

Pengine msomaji atauliza: mnyama hodari hivyo amepatwa na nini hata wakabaki kama 100 tu? Yeye hapendi vilele vya milima. Hupenda mabonde yenye maji na tambarare za karibu na pwani, na huko ndiko viliko vijiji, mashamba na barabara kuu, nayo ni moja tu. Usiku wa mvua vyura hujaa barabarani, wengine hupondwa na magurudumu, naye huja kuwaokota. Hapo ndipo motokaa humkuta.

Tangu mwaka 1977 sheria humlinda kwa heshima ya juu kabisa wapewayo wanyama wa Japani. Zimejengwa njia zaidi ya 100 za kupita wanyama chini ya barabara, na paka wa nyumbani sharti waandikishwe, wasije wakamwambukiza maradhi. Mwaka 2021 UNESCO ilikitia kisiwa katika Urithi wa Dunia. Ni sifa njema, ila sifa huvuta wageni. Vibao vya kuonya vimesimamishwa njiani. Lakini mgeni aliyekodi motokaa kwa siku moja, na jua limekwisha kuchwa, je, atapunguza mwendo?