Mabinti Zetu na Mchezo wa Kuigiza



Wapenzi wanafunzi, kila mwaka inapokaribia sherehe ya kufunga chuo huzuka suala lile lile. Je, wasichana waonyeshe mchezo wa kuigiza, au watosheke na kisomo, qasida na hotuba? Wapo wazazi wanaotuunga mkono, na wapo wanaotuambia kwamba mambo ya kuigiza ni ya shule za serikali, hayana nafasi madrasani. Katika ukurasa huu tunapenda kutoa maoni yetu waziwazi. Sisi tunaona kwamba mchezo wa kuigiza una faida kubwa kwa msichana, na kwamba hatari yake kubwa hutoka kwa watu wazima wanaompandisha jukwaani kisha wakamwacha peke yake mambo yanapochacha.

Tuanze na faida. Mwanafunzi anayejifunza sehemu yake katika mchezo hujifunza kupumua, kutamka, na kunyamaza pale panapohitaji kunyamaza. Ninyi mnaosoma tajwidi mnaijua kazi hiyo: kila herufi ina mahali pake pa kutokea, na kila aya ina pa kusimama. Msichana aliyezoea kuangalia watu mia mbili usoni na kusema maneno yake bila ya kutetemeka, hatatetemeka siku atakapohojiwa kazini, wala siku atakaposimama mbele ya kadhi kudai haki yake.

Katika shule ya wasichana faida hii huzidi, kwani hakuna mvulana wa kuachiwa kazi ngumu. Msichana ndiye mwongozaji, ndiye anayeshona maleba, ndiye anayepigilia misumari ya mandhari, na ndiye anayekaa pembeni na daftari kumkumbusha mwenzake aliyesahau maneno. Binti mwenye haya, asiyeweza hata kuinua mkono darasani, hupewa maneno mawili matatu ya kusema. Mwaka wa pili huja mwenyewe akaomba sehemu kubwa zaidi. Walimu wengi wameliona jambo hili.

Wala ufasaha wa ulimi si jambo geni katika dini yetu. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi ili watu wafahamu maneno yake. Bibi Khawla bint Tha'laba (r.a.), mumewe alipomtamkia dhihari, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akaeleza shauri lake na kulirudia, hata Qur'ani ikateremka kuhusu jambo lake. Sura hiyo inaitwa Al-Mujaadila, na jina lake limetokana na kule kujadiliana kwake. Basi binti anayefundishwa kueleza shauri lake kwa adabu hafundishwi uasi.

Pingamizi za wazazi

Wazazi wetu hutoa hoja tatu, na ni haki yao kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuigiza ni kusema uongo. Tunajua kwamba wanavyuoni wametofautiana. Wapo waliokataza kabisa na wapo walioruhusu kwa masharti. Sisi tunaelekea kwa walioruhusu. Mwongo hutaka umsadiki. Mwigizaji na anayemtazama wote wanajua kwamba yule si mama mkwe bali ni binti wa jirani aliyejifunga leso. Mchezo ni mfano, na mifano imejaa katika mafundisho yetu. Tena imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vinyago vya kuchezea, na miongoni mwake alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (s.a.w.) alipomwuliza juu ya farasi wa namna hiyo, yeye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Hakumwambia kwamba anasema uongo.

Hoja ya pili ni ya stara. Hii ni hoja nzito na hatuipuuzi. Lakini jawabu lake limo mikononi mwetu. Mchezo wa wasichana unaweza kuonyeshwa mbele ya mama zao, dada zao na walimu wa kike. Mavazi yanaweza kuwa ya heshima. Hakuna ulazima wa binti kuvaa kanzu na kubandika ndevu, kwani visa vya wanawake wenyewe havina mwisho: binti aliyetolewa shule ili aolewe, mjane anayegombea nyumba na mashemeji, mke anayelipa deni asilolijua. Na Mitume na Masahaba wakubwa wasiigizwe kabisa, kama walivyosema wanavyuoni walio wengi.

Hoja ya tatu ni kwamba mazoezi hula wakati wa masomo. Hapa dawa ni ratiba. Mazoezi ya saa moja kwa siku mbili za wiki hayajamfelisha mtu. Anayefelishwa ni yule anayetolewa darasani wiki nzima kwa sababu walimu walichelewa kujitayarisha.

Yaliyotokea Nakuru

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Tamasha la Kitaifa la Maigizo la shule nchini Kenya lilianza mwaka 1959. Shule hupanda ngazi kwa ngazi hadi kufika fainali, zikiwa na michezo, mashairi, masimulizi na ngoma za ubunifu. Shule ya wasichana ya Butere, katika kaunti ya Kakamega, ina historia ya pekee katika tamasha hili. Mwaka 2013 mchezo wake ulioitwa Shackles of Doom ulizuiwa, kwa madai kwamba ungechochea chuki za kikabila. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru uonyeshwe.

Mwaka 2025 yakatokea tena. Shule ile ile ilikuwa na mchezo ulioitwa Echoes of War, unaohusu vijana na utawala katika nchi ya kubuni. Mwandishi wa michezo yote miwili ni Cleophas Malala, ambaye baadaye alipata kuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama kinachotawala, kabla ya kutengana nacho. Mchezo uliondolewa kwenye mashindano. Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe. Jioni ya tarehe 9 Aprili mwandishi akakamatwa mjini Nakuru alipokuwa akienda kukutana na wanafunzi. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakapelekwa ukumbini, na hapakuwa na hadhira wala mwongozaji wao. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani, wakaondoka bila ya kuigiza. Nje polisi walirusha mabomu ya machozi. Waandishi wa habari nao walizuiwa wasifanye kazi yao.

Watu wengi walizungumza baada ya siku ile. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji nafasi ya mwanasiasa katika kazi ya wanafunzi. Wengine walilaani polisi na serikali. Sisi tunaona kwamba mizani lazima ipime pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni wenye mamlaka. Kuwarushia gesi watoto wa shule waliokwenda kuonyesha mchezo ni dhuluma, na kulitaja kwa jina jingine ni kujidanganya. Tena ni jambo la kushangaza. Kuanzia mwaka 2018 watahiniwa wa kidato cha nne walitahiniwa kwa miaka kadhaa juu ya tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Humo yumo Tunu, mwanamke kijana wa Sagamoyo, anayempinga kiongozi Majoka aliyefunga soko la watu wake. Wanafunzi waliandika insha za kumsifu Tunu na wakapewa alama. Basi inakuwaje msichana apewe alama kwa kumsifu Tunu katika karatasi, kisha alizwe kwa gesi anaposimama kusema maneno yanayofanana na yake?

Upande wa pili ni wale wanaowaandikia watoto maneno. Hatusemi kwamba mwanasiasa hana haki ya kutunga. Tunasema kwamba mtu mzima mwenye ugomvi wake na watu wazima wenzake, anapoutia ugomvi huo kinywani mwa msichana wa miaka kumi na sita, ana deni kubwa kwake. Lazima ajiulize: binti huyu ameyafahamu maneno haya? Mzazi wake anajua? Likitokea la kutokea, nani atasimama mbele yake? Na suali hili linatuhusu sisi walimu kabla ya wanasiasa, kwa sababu mabinti zenu hutuamini sisi zaidi.

Tunalolipendekeza

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne kwa chuo chetu na kwa shule mnazosoma asubuhi.

Kwanza, wasichana washiriki katika kutunga. Wakae na mwalimu, walete visa wanavyovijua, wajadiliane, na maneno yatoke kwao. Binti aliyetunga maneno yake anaweza kuyatetea akiulizwa.

Pili, mzazi asome mchezo mzima kabla ya mazoezi kuanza, wala asingoje kuualikwa siku ya sherehe. Mzazi akiwa na pingamizi, asikilizwe mapema.

Tatu, mwalimu atie saini yake juu ya mchezo. Ikiwa neno limemuudhi mtu, aulizwe mwalimu, na mwanafunzi asiitwe ofisini peke yake kuhojiwa.

Nne, hadhira iwepo. Mchezo bila ya watazamaji ni adhabu, na wale wasichana wa Butere walilifahamu hilo kuliko waliowaita ukumbini. Mama aache shughuli zake siku moja aje akae kitako, amsikilize binti yake.

Kwenu ninyi wanafunzi wa kike tuna neno la mwisho. Yatazameni waliyoyafanya wenzenu siku ile Nakuru. Hawakutukana wala hawakuvunja kiti. Walipoona kwamba hawakupewa haki ya kuigiza kama inavyopasa, waliimba wimbo wa nchi yao wakatoka. Tendo lile halikuandikwa na mtunzi yeyote, nalo lilisikika nchi nzima. Ujasiri wa namna hiyo haupatikani kwa kukaa kimya miaka yote, bali hutokana na mazoezi ya kusimama, kusema, na kujua wakati wa kunyamaza. Mazoezi hayo ndiyo tunayotaka myapate hapa chuoni, mkiwa na stara zenu, mama zenu wakiwatazama na walimu wenu wakiwa mbele yenu.

Na kwenu wavulana mnaosoma ukurasa huu: dada yako akisimama kusema, mlinde na msikilize. Kumcheka ni rahisi, na wengi wamenyamaza maisha yao yote kwa sababu ya kicheko cha siku moja.

Tunamwomba Allah (s.w.) azifungue ndimi za watoto wetu kwa kheri, na atuwezeshe sisi wakubwa kubeba amana hii.

Wabillahi tawfiq.