Nani Alimdhulumu Edwina Booth?

Wapo wenzetu wasemao kwamba mwanamke aingiaye katika michezo ya sinema asihurumiwe akipatwa na mabaya, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Neno hilo twalikataa, na ushahidi wetu ni habari za Edwina Booth.

Mwanamke huyo alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Provo, Marekani; jina lake hasa lilikuwa Josephine Constance Woodruff. Alicheza katika majumba ya maonyesho, kisha akaingia katika sinema. Mwaka 1929 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilimleta Afrika ya Mashariki, chini ya msimamizi W. S. Van Dyke, ili kupiga picha iitwayo Trader Horn. Walikaa miezi mingi, wakafika hata maporomoko ya Murchison, Uganda.

Katika hadithi hiyo alikuwa binti wa mmisionari, aliyepotea utotoni, akakua kati ya Waafrika waliomheshimu kama mungu. Kwa hiyo alivikwa nguo haba mno, akafanya kazi hivyo katika jua kali na penye mbu. Akashikwa na malaria, akarudi kwao mgonjwa, akaugua miaka mingi. Picha ilitoka mwaka 1931, ikasifiwa, ikashindania tuzo ya Oscar ya picha bora. Yeye aliishtaki kampuni, na shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Akaacha sinema. Watu wengi walidhani amekwisha kufa. Kumbe aliishi kimya hata mwaka 1991.

Haya, wenzetu watujibu. Je, ni yeye aliyechagua nguo zile? Ni yeye aliyepanga safari? Ni yeye aliyehesabu fedha za mlangoni? Methali yasema ainame. Haisemi kwamba akiisha kuinama apigwe teke.

Tena dhuluma ile ilitufikia na sisi. Ni kabila gani la Afrika ya Mashariki lililomsujudia msichana kwa sababu ya weupe wa ngozi yake? Sisi hatulijui. Uongo uleule uliomvua yeye nguo ulituvika sisi ujinga. Mwafrika mwenzetu, Mutia Omoolu, alicheza humo kwa ustadi. Lakini hadithi haikumpa cheo ila cha kumchukulia bwana wake bunduki.

Wala mambo haya si ya kale tu. Barabara iendayo Ngorongoro yapita hapa Rhotia, na wenye kamera hupita pamoja na wageni. Siku moja watasimama, watawataka binti zetu wacheze ngoma mbele yao. Tukiwakemea binti peke yao, tutakuwa tumemwadhibu mnyonge na kumwacha mwenye nguvu aende zake.

Basi, yatupasa sisi wazazi na walimu kuuliza mambo matatu kabla ngoma haijapigwa: Ujira ni kiasi gani, nao umeandikwa wapi? Mtu akiugua kazini, nani atamtibu? Na hadithi itakayosimuliwa juu yetu ni ipi? Asiyekubali kujibu, na aende na kamera yake. Kucheza si aibu. Aibu ni kumtumia mtu hata aishiwe na nguvu, kisha kumlaumu kwa kuanguka.