Yusufu Alisota Miaka 13, Wewe Unataka Kutoboa Ijumaa?

Kuna dada mmoja anaishi Tabata, chumba kimoja cha kupanga. Ana shahada ya uhasibu na huu ni mwaka wa nne tangu amalize chuo. Maombi ya kazi ametuma mpaka kachoka kuhesabu. Asubuhi anapika chapati na maharage kwenye kibaraza, anawauzia mafundi na watu wa bodaboda. Jioni anajitupa kitandani na simu, anaanza kupita kwenye kurasa za wenzake aliosoma nao. Mmoja kavishwa pete Zanzibar. Mwingine kasimama mbele ya gari jipya, anamshukuru Mungu kwa maandishi makubwa. Mwingine yuko Dubai, kapiga picha na maghorofa nyuma yake. Dada anaweka laiki, anaandika "hongera mpenzi", anazima simu, analia.

Jumapili yuko kanisani kama kawaida. Mwaka huu umetangazwa kuwa mwaka wa kuinuliwa. Mwaka jana ulikuwa wa kuvuka. Mwaka juzi ulikuwa wa milango kufunguka. Miaka yote mitatu kasema amina kwa nguvu, na miaka yote mitatu kodi imemkuta hana kitu. Siku hizi ana swali ambalo hathubutu kumuuliza mtu: hivi Mungu ananijua kweli?

Swali hilo si dhambi. Vijana wengi mjini wanalo, wanalificha tu nyuma ya picha nzuri. Na mara nyingi imani yao wala haina kasoro. Wanachokosea ni kuipima ahadi ya Mungu kwa kalenda ya mitandao, ambako kila mtu anaonekana katoboa kati ya Jumatatu na Ijumaa.

MIAKA 13 INAYORUKWA

Chukua habari ya Yusufu. Hakuna mtoto wa Sunday school asiyeijua. Kijana mwenye kanzu nzuri, ndugu zake wanamwonea wivu, anauzwa, anakuwa mkubwa Misri. Ukisikia mtu anaihubiri kwa nusu saa, dakika 5 ni shimo na dakika 25 ni ikulu. Watu wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani wakiamini kati ya shimo na ikulu kuna hatua mbili tatu.

Fungua Mwanzo usome mwenyewe taratibu. Sura ya 37 Yusufu ana miaka 17. Sura ya 41, anaposimama mbele ya Farao, ana miaka 30. Toa hapo: ni miaka 13. Ndani ya hiyo miaka kauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, kafanya kazi ya utumwa kwenye nyumba ya Potifa, kasingiziwa kesi ya kumtaka mke wa bosi, kafungwa gerezani bila kosa. Na humo gerezani, alipomsaidia mnyweshaji wa Farao na kumwomba amkumbuke akitoka, yule bwana alitoka na kumsahau. Miaka 2 mizima. Hakuna simu, hakuna salamu, hakuna chochote.

Sasa jiulize, kama Yusufu angekuwa na simu gerezani angeandika nini kwenye status? Na wangapi wangemwambia kuwa labda ana dhambi aliyoificha, au ukoo wao una laana, au hajafunga vya kutosha?

Biblia inasema Mungu alikuwa pamoja naye. Na inasema hivyo akiwa utumwani na akiwa gerezani, kabla ya cheo, kabla ya pete ya Farao, kabla ya gari la kifahari la wakati ule. Hapa ndipo penye neno kwa dada wa Tabata. Kibaraza chake cha chapati si ushahidi kwamba Mungu ameondoka. Inawezekana kabisa mtu akawa katikati ya mapenzi ya Mungu na bado akawa anadaiwa kodi.

SUBIRA YA YUSUFU HAIKUWA YA KUKAA

Waswahili wanasema subira yavuta heri, na wengine wameichukua methali hiyo wakaifanya mto wa kulalia. Wanangoja. Wanafunga siku 3, wanangoja. Wanawekewa mikono, wanangoja. Ukiwauliza wanafanya nini kwa sasa, wanakwambia wanamsubiri Mungu.

Yusufu alisubiri huku anafanya kazi. Kwa Potifa alichapa kazi mpaka akakabidhiwa nyumba nzima. Gerezani alichapa kazi mpaka mkuu wa gereza akamwachia wafungwa wote awasimamie. Hakusema "hii si kazi ya ndoto zangu, nitajituma nikifika ikulu". Kazi ya Farao, ya kusimamia chakula cha nchi nzima, alijifunzia kwenye stoo ya Potifa na kwenye korido za gereza.

Halafu kuna kitu kidogo sana kwenye sura ya 40 ambacho watu wanakiruka. Asubuhi moja Yusufu aliwaona wale wafungwa wawili, mnyweshaji na mwokaji, nyuso zimewaanguka. Akawauliza kuna nini. Basi, ni swali tu. Mtu aliyefungwa bila kosa, mwenye kila sababu ya kukunja uso wake mwenyewe, anaona huzuni ya mwenzake na anauliza. Kutokana na swali hilo ndipo zikaja zile ndoto, na kutokana na zile ndoto ndipo, miaka 2 baadaye, jina lake likafika kwa Farao. Kama asubuhi ile angeamua kwamba shida zake zinamtosha, mnyweshaji asingekuwa na mtu wa kumkumbuka.

Na mwone alivyo mtu wa vitendo. Alimwomba mnyweshaji msaada wazi wazi, akamweleza kesi yake. Imani haikumzuia kutafuta mtu wa kumsemea. Siku alipoitwa ikulu, alinyoa kwanza na kubadilisha nguo. Hakwenda na ndevu za gerezani akisema Mungu huangalia moyo.

HESABU YA BOSI SI MBEGU YAKO

Hapa panauma kidogo, lakini lazima pasemwe.

Kuna kijana wa Mbagala alikuwa na bodaboda ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Alikuwa kabakiza miezi 3. Akaenda kwenye mkutano mmoja wa maombi, akaambiwa apande mbegu ya kumuuma ili Mungu amvushe. Akatoa hesabu ya wiki nzima. Wiki ile mvua ikanyesha, abiria hakuna. Ili kuziba pengo akakimbilia mkopo wa kausha damu. Wiki mbili baadaye hana cha kumpa bosi, hana cha kuwapa wa mkopo. Pikipiki ikachukuliwa. Miezi 9 ya jua na vumbi ikayeyuka. Leo haendi tena kanisani, kwa aibu. Na aliyemwambia apande hajawahi kumpigia simu kumuuliza mavuno yamefikia wapi.

Kutoa sadaka ni jambo jema na la kibiblia, hilo halina ubishi. Ila hesabu ya bosi haikuwa mali yake. Huwezi kumtolea Mungu pesa ya mtu mwingine kisha ukaita imani. Wengi watakuja na habari ya yule mjane maskini aliyetoa sarafu zake mbili hekaluni. Sawa. Lakini wasome Marko sura ya 12 yote. Mistari michache tu kabla ya mjane huyo, Yesu anawaonya watu juu ya viongozi wa dini wanaowamaliza wajane huku wakisali sala ndefu. Mistari hiyo imekaa jirani, na mtu anayehubiri mmoja na kuuruka mwingine anajua anachofanya.

Si watumishi wote wako hivyo. Wapo wachungaji wanaowalipia waumini ada na kulala nao hospitali. Ndiyo maana kijana anapaswa kuwa na macho. Yusufu mwenyewe, alipomaliza kumfasiria Farao ndoto zake, hakumshauri atoe ghala zote sadaka ili njaa isije. Alimshauri aweke akiba: sehemu ya 5 ya mavuno, miaka 7 mfululizo, kabla njaa haijafika. Ule nao ulikuwa ushauri wa kiroho. Shilingi 500 ndani ya kibubu kila siku inakuwa 182,500 kwa mwaka. Haitanunua gari, lakini inaweza kukuepusha na mlango wa kausha damu.

UKICHOKA, LALA

Wengine wakisoma hapa watasema: haya yote ni sawa, ila mimi nimechoka. Sina hata nguvu ya kuomba.

Basi msome Eliya, 1 Wafalme sura ya 19. Nabii aliyekuwa ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Wapo ambao wangemkemea. Mungu alifanya nini? Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate wa moto na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Mahubiri hayakuwepo pale. Maswali yalikuja baadaye, na kazi mpya ikaja baadaye, na mwenzake wa kumsaidia, Elisha, akapatikana baadaye.

Kwa hiyo kama umefika mahali huli, hulali, na mawazo mabaya yanakuzunguka, usijifungie ndani ukidhani ni uhaba wa imani. Mwambie mtu unayemwamini. Nenda hospitali uonane na mtaalamu. Yusufu naye alilia, tena si mara moja, hata baada ya kupata cheo. Machozi hayajawahi kumfukuza mtu mbele za Mungu.

OMBA KAMA NEHEMIA

Mnyweshaji wa Farao alimsahau mwenzake. Kuna mnyweshaji mwingine kwenye Biblia ambaye hakuwasahau wa kwao: Nehemia. Alikuwa anafanya kazi kwa mfalme wa Uajemi, akasikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Akalia, akafunga, akaomba kwa miezi kadhaa. Lakini alipopata nafasi mbele ya mfalme, alikuwa na majibu. Anahitaji muda gani. Anahitaji barua za kupita kwa nani. Anahitaji miti kutoka msitu gani. Ile miezi alikuwa anaomba na anapiga hesabu.

Alipofika Yerusalemu hakutangaza. Alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, bila kumwambia mtu mpango wake. Leo mtu akipata wazo la biashara saa 4, saa 5 liko mtandaoni na wimbo nyuma yake. Nehemia alinyamaza mpaka alipojua ukubwa wa kazi. Maadui walipotishia, aliomba na akaweka walinzi. Vyote viwili. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Una ndoto? Iandike. Inahitaji shilingi ngapi? Nani ana ujuzi huo umfuate ujifunze? Ndani ya siku 52 zijazo unaweza kumaliza kipande gani? Hayo ni maswali ya maombi pia.

TURUDI TABATA

Dada wa chapati hajapata kazi benki. Hajavishwa pete. Lakini jioni moja alipita kwa jirani, mama mtu mzima ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaa, akamkuta amekaa na daftari, uso umekunjamana.

"Shikamoo mama. Vipi, mbona hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Hesabu hazifungi. Laki tatu haionekani, na kesho tunagawana. Wataniita mwizi."

Dada akakaa. Wakapitia daftari mpaka saa 5 usiku. Wakaikuta: rejesho la mwanachama mmoja liliandikwa mara mbili. Hakuna pesa iliyopotea. Yule mama alilia kama mtoto, na kesho yake kwenye mgao akamtaja dada mbele ya wanawake wote.

Sasa hivi dada anatunza vitabu vya vikoba viwili na duka moja la vifaa vya ujenzi. Malipo ni madogo. Chapati bado anauza, kodi bado inamkimbiza. Lakini ile shahada imetoka kwenye bahasha, na usiku akishika simu hakai nayo muda mrefu, maana kuna daftari linamsubiri.

Hajatoboa. Huenda huu ni mwaka wake wa 4 kati ya 13, huenda ni wa 12, anayejua ni Mungu peke yake. Alichoacha ni kuhesabu siku za wenzake. Na wewe unayesoma hili ukiwa kitandani, bando limebaki kidogo na kesho hujui itakuwaje, amka asubuhi uombe, kisha angalia ni nani hapo jirani uso wake umekunjamana. Muulize kuna nini. Yusufu alianzia hapo.