Matokeo Yametoka, Sasa Nani Atakaa na Mtoto Ajaze Fomu?



Kila Januari mtaani mambo huwa yale yale. Matokeo ya KCSE yanatoka, simu zinalia kuanzia Manyatta hadi Kaloleni. Mwenye B anabebwa juu juu, mwenye D anaingia chumbani anafunga mlango. Wiki moja ikipita kelele zinaisha na kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Na hapo ndipo kazi yenyewe huanza: kuchagua kozi, kutafuta stakabadhi, kujaza maombi kabla ya siku ya mwisho. Kazi hii tunamwachia mtoto wa miaka kumi na minane na jamaa wa saiba aliye na haraka ya kuhudumia mteja mwingine.

Naandika haya kwa sababu yalinipata. Mimi nilipata C. Nilichojua ni kwamba C+ ndiyo ya chuo kikuu, basi nikajihesabu nimefeli. Nikakaa nyumbani zaidi ya mwaka, asubuhi nikisaidia kubeba magunia ya omena sokoni, jioni naswali safu ya nyuma nisiulizwe maswali. Siku moja jamaa tuliyezoea kuswali naye akaniuliza, "Wewe mbona hujaomba diploma?" Sikujua hata kama naruhusiwa. Alikaa na mimi dakika ishirini hivi kwa simu yake. Hizo dakika ishirini ndizo zilizonipa diploma niliyo nayo leo. Mwaka mzima niliupoteza kwa kukosa mtu wa kuniambia jambo moja tu.

Sasa tazama hesabu. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu ni 246,391, yaani kama robo hivi. Robo tatu waliobaki ni wengi mno kuitwa waliofeli. Ni vijana ambao njia yao inapitia mlango mwingine, na mlango huo upo: C- inakuingiza diploma, D inakuingiza cheti, na aliye chini ya hapo bado ana kozi za ufundi. KUCCPS inagawa nafasi hizo zote, si za digrii pekee. Na si lazima uende mbali. Kisumu National Polytechnic iko hapa hapa mjini. Maseno ni safari ya matatu moja. Wa Bondo ana Jaramogi Oginga Odinga, wa Homa Bay ana Tom Mboya.

Kwa jina hilo la Tom Mboya, tukumbuke kidogo. Mtoto wa Rusinga huyo, mwaka 1959, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Watu wanakumbuka ndege, wanasahau kazi iliyotangulia. Kuna waliokaa na kuandika barua za maombi, wakafuata majibu ya vyuo, wakachangisha pesa za nauli na matumizi, kwa wafadhili kule na kwa familia na vijiji huku. Ndege iliruka kwa sababu kwanza makaratasi yalikuwa yamekamilika.

Sisi makaratasi yanatushinda wapi? Nimekaa na vijana wa kutosha kujua panapovunjika.

Pa kwanza ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, KCSE inasema Muhammad, kitambulisho cha baba kinasema Mohammed. Binti ni Khadija huku, Hadija kule. Kwetu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Ukurasa wa maombi unakuuliza nambari ya mtihani, mwaka, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Kama cheti hicho hakipo ama kina makosa, utaanza kuzunguka ofisi wakati wenzako wanachagua kozi. Kwa hivyo kama uko shule sasa hivi, usingoje. Siku mwalimu anapowaonyesha majina ya usajili wa mtihani, soma lako herufi kwa herufi. Kulirekebisha hapo ni rahisi kuliko kwenda kula kiapo kwa wakili baadaye.

Pa pili ni klasta. Vijana wawili wanaweza kuwa na B- moja, mmoja akaingia kozi na mwingine akakosa. Sababu ni kwamba kila kozi inaangalia masomo manne, na pointi zinahesabiwa kutoka hapo, juu kabisa ni 48. Ukijaza nursing kila mahali kwa sababu shangazi ni nesi, na Biolojia yako imeanguka, umechoma nafasi zako zote. Angalia pointi za mwaka uliopita za kila kozi, zimewekwa hapo hapo. Weka moja unayoitamani, weka mbili unazozifikia, weka moja ambayo una hakika nayo. Na usikubali mtu wa saiba akuchagulie. Yeye hatakaa darasani miaka minne.

Pa tatu ni pesa. Ada ya maombi ni Sh1,500. Kuna nyumba hizo ni pesa za unga na mafuta ya wiki. Halafu kuna swali ambalo vijana wetu huniuliza kwa sauti ya chini: Helb ina riba, nifanyeje? Swali ni la haki wala si la kuchekwa. Mkopo wa Helb kwa wanafunzi wa digrii una asilimia 4 kwa mwaka. Mimi si mufti, mpelekee sheikh wako swali hilo. Lakini nimeona kijana anaogopa riba mpaka anaacha kila kitu, hata visivyo na riba. Ufadhili wa serikali na mkopo ni vitu viwili tofauti. Ufadhili haurudishwi. Basari ya NG-CDF hairudishwi. Ya kaunti hairudishwi. Ukikataa mkopo kwa dini yako, kataa ukiwa umeomba hivyo vingine vyote. Kutoomba chochote si uchamungu, ni kujinyima.

Pa nne ni uraia wetu wenyewe. Kijana Mnubi wa Kibos ama Msomali wa hapa mjini anaweza kutimiza miaka kumi na minane na akawa bado anaulizwa cheti cha babu kabla ya kupewa kitambulisho. Hili si geni. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia na ya elimu. Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa kuchujwa kwa watu wa kaunti za mpakani. Tangazo ni zuri, lakini dirishani bado unahitaji mtu wa kusimama nawe. Katiba, Kifungu cha 12, inasema raia ana haki ya kupewa stakabadhi za usajili. Kifungu cha 43 kinataja haki ya elimu. Ukirudishwa, uliza sababu, andika tarehe, na uje utuambie.

Najua kuna atakayesema, "Vyuo vya nini na waliosoma wanaendesha boda?" Ni kweli wapo, na baadhi ni marafiki zangu. Lakini angalia ni nani anakaa kwenye dirisha la usajili, ni nani anagawa basari, ni nani anapima ardhi yetu na kuandika jina la mwenyewe. Wamesoma. Tukilalamika kila siku kwamba hatumo ofisini, na kila Januari tunaacha vijana wetu wakose nafasi kwa sababu ya fomu, malalamiko yetu yatakuwa na nusu ukweli tu. Nusu nyingine ni yetu.

Khutba za Iqra tumezisikia tangu utotoni, na ni haki. Ila mtoto akitoka kwenye khutba anahitaji meza, intaneti na mtu. Msikiti una hivyo vyote ama unaweza kuvipata. Kati ya Maghrib na Isha, siku mbili kwa wiki, muda wote maombi yakiwa wazi, meza moja iwekwe. Wewe uliye mwaka wa pili Maseno, uliyemaliza polytechnic, unayefanya kazi na una laptop, njoo ukae. Akina dada wawe na meza yao upande wao, kwa sababu kuna mabinti ambao hawatamwuliza mwanamume mambo haya, na ndio wa kwanza kuambiwa wangoje nyumbani. Kamati za zaka ziulizwe: huyu asiye na Sh1,500 za kuomba chuo, hayumo katika wanaostahiki? Waulizwe kwa adabu, lakini waulizwe.

Na wenye wadogo walio Gredi 9, msidhani haiwahusu. KCSE ya mwisho ni ya 2027. Kwao uchaguzi unaanza mapema zaidi, mtoto anachagua mkondo wake wa masomo kabla hajaingia shule ya upili ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Akikosea hapo, atakuja kugundua miaka mitatu baadaye.

Basi nakuomba jambo dogo. Kabla hujalala leo, fikiria jina la kijana mmoja unayemjua aliye kidato cha nne ama aliyemaliza na yuko tu nyumbani. Awe wa Nyalenda, Obunga, Kendu Bay, Mbita, popote. Mpigie simu kesho. Usimpe hotuba. Mwulize maswali matatu: cheti cha kuzaliwa unacho? Majina yanafanana? Unataka kusomea nini? Halafu kaa naye dakika ishirini.

Mimi kuna mtu alikaa nami. Allah amlipe kheri. Deni lake nalilipa kwa kukaa na mwingine, na wewe karibu tulipe pamoja.

Wassalamu alaikum.