Mnunuzi wa Bomba la Msikiti Naye Asimame Kizimbani

Ndugu zangu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu,

Mabomba ya kutawadhia yanapong'olewa msikitini usiku, sote twajua yamekwenda wapi. Kijana aliyeshikwa na arosto hana haja na bomba. Anatafuta kete kabla hakujapambazuka, kwa sababu mifupa inamuuma, kamasi zinamtoka na tumbo linamkata. Bomba linaviringishwa kwenye kitambaa, linapelekwa kwa mnunuzi wa skrepa ambaye mizani yake iko tayari saa hiyo ya usiku, na haulizwi mtu swali. Pesa hazifiki mbali. Zinaishia kichochoro cha pili, mkononi mwa muuzaji wa unga, yaani heroini. Waumini wakija kwa swala ya alfajiri wanakuta maji yametapakaa uani, na mnunuzi na muuzaji wameshapata chao.

Watu watatu wamehusika hapo, na sisi tumezoea kumshughulikia mmoja. Teja tukimkamata tunampiga, na mara nyingine tunamuua, mtoto wa jirani tuliyemwona akienda madrasa. Akifika mahakamani anafungwa, anatoka, anarudi maskani yaleyale. Mnunuzi hafuatwi. Muuzaji tunampa salamu barabarani kwa kuogopa, au kwa sababu alichangia harusi ya mtu wetu.

Naandika kuwaomba tubadilishe hilo, na tuanzie mahali ambapo sauti yetu inafika kwa urahisi zaidi, yaani mabunge yetu ya kaunti.

Wako watakaosema adhabu ni kazi ya Nairobi. Ni kweli kwamba Bunge la Kitaifa na Seneti ndizo zinazotunga sheria za jinai. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, limezipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Jukumu hilo limekuwa likigeuzwa mabango, fulana na hotuba za siku moja kila mwezi Juni, siku ya dunia ya kupiga vita dawa hizi. Kaunti inaweza kufanya zaidi ya hapo. Inaweza kupitisha azimio la kudai sheria kali zaidi na kulikabidhi Seneti, ambayo kazi yake ni kuzisemea kaunti. Inaweza pia kumnyima kibali cha biashara mwenye yadi ya skrepa aliyetiwa hatiani kwa kupokea mali ya wizi. Hilo halihitaji ruhusa ya Nairobi, maana vibali vya biashara ni kazi ya kaunti.

Tudai nini hasa? Tuanze na mnunuzi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu anayepokea mali huku akijua imeibwa, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Wizi wa kawaida wenyewe adhabu yake ni hadi miaka 3. Waliotunga sheria hiyo walielewa vizuri nani anayeuweka wizi hai. Lakini wameweka ukomo wa juu tu, hakuna kiwango cha chini. Hakimu ana uwezo wa kumtoza faini mnunuzi na kumwachilia aende zake, naye faini hiyo anaitoa kwenye faida ileile aliyoipata kwa masufuria yetu, mita zetu za maji na simu zetu. Tunataka Bunge liweke kifungo cha chini ambacho faini haiwezi kukiondoa, hasa kwa anayerudia kosa.

Upande wa unga, sheria ilikazwa mwaka 2022. Mlanguzi anayenaswa na zaidi ya gramu 100 anakabiliwa na kifungo cha miaka 50, au faini isiyopungua shilingi milioni 50 au mara tatu ya thamani ya mzigo, kutegemea ipi ni kubwa, au vyote viwili. Ukisoma haraka unafurahi. Ukisoma tena unaona kwamba mwenye pesa ameachiwa mlango. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini baharini upande wetu huu wa pwani. Watu wanaosafirisha mzigo wa namna hiyo hawashindwi na faini. Anayeshindwa ni kijana wa mtaani aliyekutwa na vikete mfukoni. Kwa mlanguzi mkubwa, na kwa yeyote anayemtumia mtoto kubeba unga, faini badala ya kifungo iondolewe kabisa.

Aibu tunayo tayari. Walanguzi wa unga, ndugu Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilivutwa mahakamani mpaka Januari 2017, waliposafirishwa hadi New York. Huko walikiri makosa, na waendesha mashtaka wakaeleza jinsi maofisa wa Kenya walivyohongwa. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 Januari 2020. Mama wa Majengo au Kisauni aliyezika wanawe kwa sababu ya unga alilazimika kusikia hukumu hiyo redioni kutoka ng'ambo. Ilifaa isomwe Mombasa, naye akiwa ameketi mahakamani.

Najua hofu ya wengi, na naiheshimu: sheria ikikazwa itawaangukia maskini, na gereza la Shimo la Tewa litazidi kujaa vijana wetu. Kwa sababu hiyo wito huu una upande wa pili, nao ukiachwa mimi siuungi mkono. Teja ambaye kosa lake ni kutumia apelekwe kwenye matibabu. Dawa ya methadone inatolewa Malindi tangu 2015, na Kisauni ikafuata. Mgonjwa anakwenda kila siku, anakunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, na siku hiyo hana arosto inayomtuma kung'oa bomba la mtu. Nimewaona waliorudi kuvua, kuendesha tuktuk, kulea watoto wao. Walioiba wakiwa watumiaji walipe kosa lao, lakini hakimu awe na mahali pa kuwapeleka zaidi ya selo.

Mahali hapo panahitaji fedha zetu wenyewe. Huduma hizi zimeegemea mno wafadhili wa nje, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 tuliona maisha ya watu wetu yanavyoweza kuning'inia kwenye sahihi ya mtu asiyetujua. Basi azimio la kudai adhabu kali lije pamoja na fungu la bajeti la matibabu. Mwakilishi wadi akiunga mkono la kwanza na kulikwepa la pili, tumuulize hadharani.

Sasa kazi. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali kwenye bunge la kaunti yake, na Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa haki hiyohiyo kwa Bunge la Kitaifa na Seneti. Huhitaji wakili. Maimamu na wachungaji wasome ardhilhali hiyo baada ya ibada. Wenyeviti wa vijiji, vyama vya wavuvi, wanaboda, walimu na kina mama wa vyama vya akiba wakusanye sahihi wadi kwa wadi, kila jina na nambari yake ya kitambulisho. Wenye yadi za skrepa walio waaminifu waje pia, maana wanaharibiwa jina.

Tusichelewe. Mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya maoni ya umma vikitangazwa, twendeni wengi, tuketi mpaka mwisho, na fungu la methadone litajwe kwa kiasi chake. Ardhilhali ipelekwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti katika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi. Nakala hiyo ibandikwe kwenye ubao wa msikiti, wa kanisa na wa soko, tarehe yake ikionekana, ili kila mtaa uhesabu siku zinazopita bila jibu.