Mwenye duka la programu naye abanwe

KAULI YA KUSINI
Na Rashidi Chilumba

Kila msimu wa ufuta unapomalizika Ruangwa na Nachingwea, sehemu ya fedha za mnada huishia kwenye simu. Mkulima wa Nandagala aliyekuwa na kitochi ananunua simu janja ya bei nafuu, na kitu cha kwanza anachoonyeshwa na muuzaji, au na kijana wa nyumbani, ni Play Store, duka la programu la Google. Anaambiwa apakue humo tu, asifungue vitu vya kutumiwa kwa linki. Ushauri huo si mbaya. Ubaya ni kwamba watu wameuchukulia kama dhamana, wakati mwenye duka hajawahi kumdhamini mtu, wala haonekani kuwa na haraka ya kufanya hivyo mpaka abanwe. Mtumiaji tumemtwisha mzigo karibu wote, wakopeshaji wa mtandaoni tumeanza kuwatwisha kidogo, na mwenye duka tumemwacha apite mikono mitupu.

Tuanze na utapeli wa matangazo, ambao wengi hawauoni kabisa. Mwenye programu mpya huwalipa wanaomletea watumiaji. Kwa viwango vilivyotajwa mwaka 2018, kila simu iliyopakua programu ya mtu ilimgharimu kati ya senti 50 na dola 3 za Marekani, na palipo na ujira wa namna hiyo madalali wa uongo hawakosekani. Novemba mwaka huo BuzzFeed News, kwa kutegemea uchambuzi wa kampuni ya Kochava, iliandika kuhusu programu saba za Cheetah Mobile na moja ya Kika Tech ambazo kwa pamoja zilikuwa zimepakuliwa mara bilioni mbili. Zilikuwa za kazi za kawaida tu: kusafisha simu, kutunza betri, kibodi ya kuandikia. Zikishapewa ruhusa ya kuona kinachoendelea ndani ya simu, zilijua pale mwenye simu anapopakua programu nyingine, zikawahi kutuma taarifa kwamba aliipata kupitia kwao. Ni kama mtu anayekaa mlangoni mwa ghala la chama cha msingi cha wakulima (AMCOS), kila akiona mzigo unashushwa anamkimbilia karani kudai kamisheni kwamba yeye ndiye aliyemshawishi mkulima aulete. Cheetah ilikana na kuwatupia lawama wenye vipande vya programu za matangazo ilivyovitumia. Google iliziondoa mbili mwezi uliofuata, kisha Februari 2020 ikafuta programu karibu 600 kwa matangazo ya usumbufu, za Cheetah zikiwamo. Kumbuka kwamba hizi hazikuwa zimejificha uchochoroni. Zilipangwa mbele ya duka, zikiwa na nyota zake.

Yupo atakayeuliza: aliyeibiwa hapo si mtangazaji wa Marekani? Mkulima wa Nandagala kapoteza nini? Kapoteza bando, kwanza. Tangazo linalofunguka kwa siri linakula bando na betri sawasawa na video ya mabao ya timu ya Namungo aliyoifungua mwenyewe, tofauti ni kwamba hili hakulitaka na hakuliona. Pili, ruhusa iliyotumika kumwibia mtangazaji ni mlango unaoweza kutumika kumwibia mwenye simu. Wakati mwingine mlango huo huja wazi na simu yenyewe. Agosti 2020 kampuni ya Upstream, kupitia mfumo wake wa Secure-D, ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizokuwa zikijaribu kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua. Ilihesabu miamala milioni 19.2 ya kutiliwa shaka kutoka simu zaidi ya 200,000, hasa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Triada ilikuwamo tangu simu ikiwa kwenye boksi. Transsion, mwenye chapa za Tecno, Itel na Infinix, alisema aliyeiingiza ni msambazaji fulani katika mnyororo wa ugavi. Jina la msambazaji hakulitaja. Mnunuzi wa simu kama hiyo anayesikia kwamba “salio linaliwa” hana namna ya kujua kama ni kampuni ya simu, ni programu, au ni simu yenyewe.

Linalouma zaidi huku kwetu ni mikopo. Mkulima ameshapeleka ufuta ghalani, mnada umefanyika, fedha haijaingia kwenye akaunti, na ada ya shule haisubiri. Anapakua programu ya mkopo. Kabla hajaona hata shilingi, kisanduku kinajitokeza kikiomba kufikia majina yote yaliyomo kwenye simu: Ruhusu, Usiruhusu. Akikataa, hakuna mkopo. Akikubali na akachelewa kulipa, meseji za kumdhalilisha zinakwenda kwa shemeji yake, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa AMCOS, watu ambao hawakukopa wala hawakuombwa ruhusa yoyote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ilifanya vema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Lakini orodha hutoka baada ya majina kuvunwa, na shemeji akishatumiwa meseji hakuna tangazo litakaloirudisha.

Tunaambiwa duka lenye mamilioni ya programu haliwezi kukagua kila moja. Kenya imeshaijibu hoja hiyo. Baada ya kanuni za wakopeshaji wa kidijitali kutoka mwaka 2022, Google ilitaka programu za mikopo za Kenya zionyeshe leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo, au uthibitisho wa kuiomba, kuanzia Januari 2023. Zisizokuwa nayo zilitolewa. Mei 31 mwaka huohuo ikaanza kutumika amri ya Google yenyewe, duniani kote, kwamba programu za mikopo zisiguse majina wala picha za mteja. Wapo wanaoikwepa, kama kisanduku kile kinavyoonyesha, lakini kumbe uwezo ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kudai. Tusisahau pia kwamba Google ndiye mwenye duka na papo hapo ndiye dalali mkubwa wa matangazo yanayoonekana ndani ya programu za dukani mwake. Anayepata fungu kila tangazo linapofunguliwa hawezi kuachiwa peke yake kuamua lipi ni halali.

Hoja ya kwamba mtu asome masharti kabla ya kubonyeza sina subira nayo. Masharti ni kurasa na kurasa, mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, na hata wanaotoa ushauri huo hawayasomi. Yenye uzito ni nyingine: kwamba ukilibana duka, matapeli watahamia kwenye linki za WhatsApp. Ni kweli, baadhi watahama. Ila mkopo hautoki wala haurudi bila kupita kwenye namba ya kampuni ya simu au akaunti ya benki, na namba hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole. Njia ya fedha ikifungwa, programu iliyobaki kwenye linki haina cha kukopesha wala cha kudai.

Kwa hiyo Benki Kuu na Tume ziitake Google, kwa maandishi na kwa tarehe ya mwisho, ionyeshe namba ya leseni ya Tanzania kwenye ukurasa wa kila programu ya mkopo inayopakulika hapa nchini, na isiyonayo iondolewe kabla haijatajwa kwenye orodha. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ihakikishe laini zinazokusanya marejesho ya wasio na leseni zinafungwa siku orodha inapotoka. Nawe uliyetumiwa meseji ya deni la mtu mwingine, usiifute. Peleka malalamiko Tume. Sheria inakutambua hata kama hukukopa.